UZI: "Hayo yalikuwa ya wakati wao." Jibu kutoka Sydney, 1927

Kuna sentensi moja ambayo lazima uisikie kila mjadala wa dhuluma za kihistoria ukianza, iwe ni kwa runinga, kwa spesi za usiku, ama kwa meza ya chai nyumbani. Mtu anataja ardhi iliyochukuliwa ama watu waliozuiliwa kambini. Mwingine anatulia kidogo, halafu anajibu kwa sauti ya mtu mzima: "Hayo yalikuwa ya wakati wao. Tusiwahukumu watu wa zamani kwa macho ya leo. Hakuna aliyejua ni makosa."

Inasikika kama busara, si ndiyo? Hata mimi nilikuwa nikiitumia. Mwaka wa kwanza chuoni niliiandika kwa insha na nikapewa alama nzuri tu. Kilichonitoa huko ni kesi moja ya Australia ambayo watu wengi hapa hawajawahi kuisikia, na leo nataka tuipitie polepole. Sheria za uzi mnazijua: kwa majibu usitaje mwanasiasa wala chama.

Twende.

Australia ina jimbo linaitwa New South Wales, na jiji lake kuu ni Sydney. Waaborijini, wenyeji wa nchi hiyo, walikuwa wameishi pale kwa zaidi ya miaka 50,000 wakati meli za Waingereza zilipotia nanga tarehe 26 Januari 1788. Sitasimulia yote yaliyofuata, manake bunduki, magonjwa na kunyang'anywa ardhi ni stori ambayo Mkenya haihitaji kufundishwa. Nataka turuke mpaka 1883, mwaka ambao serikali ya jimbo iliunda Bodi ya Ulinzi wa Waaborijini.

Hebu soma jina hilo tena. Ulinzi.

Mwanzoni Bodi ilikuwa inagawa chakula, blanketi na mambo kama hayo. Mwaka 1909 ikapewa sheria yake. Sasa iliweza kusimamia rizavu, kuamua nani akae ndani na nani afukuzwe, na kuwapeleka watoto kufanya kazi za mafunzo. Lakini ili kumtoa mtoto kwa mzazi wake bila ridhaa, bado ilibidi iende kwa hakimu na kuonyesha kwamba mtoto ametelekezwa. Hapo Bodi ilipata shida. Mahakimu walikuwa wakiangalia ushahidi na wakati mwingine wanasema: huyu mtoto ana mama, amekula, amevaa, kesi iko wapi?

Suluhisho la Bodi halikuwa kuacha kuchukua watoto. Ilitafuta njia ya kumwondoa hakimu.

Mwaka 1915 sheria ikarekebishwa. Kuanzia hapo Bodi yenyewe ikiona kwamba ni kwa faida ya mtoto, kimaadili ama kimwili, inamchukua. Haihitaji amri ya korti. Mzazi asiyekubali ndiye anatakiwa aende kortini kumdai mtoto wake mwenyewe. Tafakari hiyo kidogo. Mama yuko rizavu, hana pesa za wakili, hata kusafiri mpaka mjini pengine anahitaji ruhusa ya meneja, na yeye ndiye anaambiwa ashtaki serikali. Kwa darasa letu tunaita hiyo kuhamisha mzigo wa ushahidi. Kwa lugha ya nyumbani, ni kumwambia aliyeibiwa athibitishe kwamba hakuibiwa kwa nia njema.

Na sasa shikeni hii, kwa sababu nitairudia: marekebisho hayo yalipojadiliwa Bungeni, kulikuwa na mbunge, Mzungu, aliyesimama akasema wazi kwamba hiki kinachopendekezwa ni kuiba mtoto kutoka kwa wazazi wake. Imo kwenye kumbukumbu za Bunge. Neno "kuiba" halikubuniwa na wanaharakati wa siku hizi. Lilisemwa kabla sheria haijapita, na ikapita.

Ilifanya kazi vipi mashinani? Wengi waliochukuliwa miaka ya mwanzo walikuwa wasichana. Walipelekwa kwenye nyumba ya mafunzo mji wa Cootamundra, wakafundishwa kufua, kupika, kupiga pasi, halafu wakiwa bado wadogo wakatumwa kwa familia za Wazungu kufanya kazi ya ndani. Msichana alipewa senti chache za mfukoni. Mshahara wenyewe ulikwenda kwa akaunti iliyoshikiliwa na Bodi, na wengi hawakuziona pesa hizo hata walipozeeka. Si porojo, kwa sababu mwaka 2004 serikali ya jimbo ililazimika kuanzisha mpango wa kuwalipa wazee na warithi wao. Wavulana nao, kuanzia 1924, walipelekwa Kinchela, karibu na mji wa Kempsey. Waliopita huko wanasimulia kwamba waliitwa kwa namba, jina lako unaliacha getini.

Kwenye fomu za Bodi kulikuwa na sehemu ya kujaza sababu ya kumchukua mtoto. Wanahistoria waliopitia makaratasi hayo walikuta kwamba baadhi ya mameneja hawakujisumbua kueleza mengi. Waliandika tu kwamba ni kwa sababu mtoto ni Mwaborijini.

Mmoja wa waliochukuliwa ni Margaret Tucker. Ilikuwa 1917, alikuwa na miaka kama 13, polisi wakafika shuleni kwa rizavu na kumbeba pamoja na dada yake. Cootamundra kwanza, kisha Sydney kuwa mtumishi. Miaka 60 baadaye aliandika kitabu kuhusu maisha yake, na sitakinukuu hapa, lakini kama umewahi kumwona mama akikimbia nyuma ya gari, unajua kilichomo. Kumbukeni jina lake pia, atarudi.

Sasa tufike kwa yule niliyemfungulia uzi huu.

Anaitwa Fred Maynard. Alizaliwa 1879, wa jamii ya Waworimi. Alipoteza mama akiwa mdogo, akafanya kazi nyingi za kutangatanga: kuswaga ng'ombe, kupiga picha, mpaka akaishia bandari ya Sydney, kuli wa kupakua mizigo na mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Mtu wa Mombasa ataelewa haraka maana ya bandari. Mizigo inashuka na habari pia zinashuka. Mabaharia weusi kutoka Marekani na visiwa vya Karibi walikuwa wakipita Sydney, na tayari mwaka 1907 kulikuwa na chama chao pale kilichomwandalia karamu bondia Jack Johnson. Kufikia 1920 hivi, vuguvugu la Marcus Garvey lilikuwa na tawi ndani ya jiji hilo.

Ndiyo, Garvey yuleyule. Gazeti lake, Negro World, ndilo lililopigwa marufuku kwenye makoloni kadhaa ya Waingereza Afrika. Kuna simulizi maarufu la Kenya ya 1921, la watu waliokuwa wakikusanyika kumzunguka mmoja anayejua kusoma, wanasikiliza gazeti hilo, halafu kila mtu anaenda njia yake kuwaambia wengine. Kwa hivyo gazeti moja lilikuwa likisomwa kwa siri huku kwetu na mawazo yake yakizunguka bandari ya Sydney, miaka ileile. Nikilifikiria hilo huwa nasisimka, sitaki kudanganya.

Mwaka 1924 Maynard na wenzake wakaanzisha jumuiya yao, Australian Aboriginal Progressive Association, AAPA kwa kifupi. Kauli mbiu waliichukua kwa Garvey karibu neno kwa neno: Mungu mmoja, lengo moja, hatima moja. Aprili 1925 wakafanya mkutano wao wa kwanza mkubwa katika ukumbi wa kanisa mtaa wa Surry Hills, Sydney, na zaidi ya Waaborijini 200 wakafika. Oktoba mwaka huohuo wakaenda Kempsey, ndiyo, kando ya Kinchela, wakakutana kwa siku tatu na watu karibu 700. Hakukuwa na simu za mkononi. Watu wengi walihitaji ruhusa kutoka rizavu. Mia saba!

Walitaka nini? Ardhi, kwanza. Kila familia ya Waaborijini ipewe ekari 40, iwe yake. Hili halikutoka hewani. Familia nyingi za pwani ya kaskazini ya jimbo zilikuwa zimelima kwa mikono yao mashamba ndani ya rizavu, wakafyeka, wakapanda mahindi, kisha Bodi ikawa inafuta rizavu hizo na ardhi inaenda kwa Wazungu. Kati ya 1911 na 1927 karibu nusu ya ardhi ya rizavu ya jimbo ilipotea hivyo. Na hapa ndipo nafikiri wasomaji wengi wanakosea wanapotenganisha mambo mawili, eti hii ni stori ya ardhi na ile ni stori ya watoto. Ni familia zilezile. Familia iliyofukuzwa shambani inaonekana haina makao, isiyo na makao inaonekana imetelekeza watoto, basi watoto wanachukuliwa, na wazazi waliobaki wanazeeka kwenye rizavu isiyo na vijana wa kuidai. Ripoti za Bodi hazikuficha sana: lengo lilikuwa watoto waondoke na wasirudi.

Jambo la pili: familia. Kwenye petisheni waliyompelekea Waziri Kiongozi wa jimbo mwaka 1927, walidai kwamba maisha ya familia ya Waaborijini yaheshimiwe kama kitu kitakatifu, yasiingiliwe, na watoto wabaki chini ya wazazi wao. Kuhusu wasiojiweza hawakukana kwamba wapo. Walisema watunzwe kwenye nyumba zinazofaa, palepale rizavu, kwa gharama ya serikali. Na Bodi ivunjwe, mahali pake pawe na bodi ya Waaborijini wenyewe wenye elimu, mwenyekiti akiteuliwa na serikali.

Mnaona? Hiyo ni sera kamili. Ukiipeleka leo kwa kamati ya Bunge yoyote wataijadili. Imeandikwa 1927 na kuli wa bandarini na wenzake.

Sasa Waziri Kiongozi alifanya nini? Aliipeleka petisheni kwa Bodi ili Bodi itoe maoni.

Acha nirudie kwa wale waliosinzia. Malalamishi dhidi ya Bodi yalipelekwa kwa Bodi. Mshtakiwa akapewa faili aamue kesi yake. Kama umewahi kulalamikia ofisi fulani kisha simu inayokupigia ikawa ya mtu uleule uliyemlalamikia, unajua ladha yake.

Bodi ikakataa kila kitu. Na katika maelezo yake ikaongeza jambo kuhusu Maynard mwenyewe: kwamba huyu ni mtu mweusi wa nje, Mmarekani ama wa Afrika Kusini, kazi yake ni uchochezi. Mtu ambaye ukoo wa mama yake uko kwenye ardhi hiyo tangu kabla ya historia kuandikwa! Lakini mbinu hiyo si tunaijua? Ukishindwa kujibu hoja, sema mwenye hoja ametumwa, analipwa na watu wa nje, wananchi wetu halisi wameridhika. Kila mara nikiiona kwa mijadala yetu namkumbuka Maynard.

Hakunyamaza. Alimwandikia tena Waziri Kiongozi Oktoba 1927, barua ndefu, kwa Kiingereza safi kuliko cha waliomkataa, akieleza kwamba watu wake hawakubali kwa namna yoyote kuhesabiwa duni kuliko Wazungu. Mwezi huohuo alimwandikia msichana mmoja aliyedhulumiwa kingono mahali alipotumwa kutumika. Alitaka maelezo ili aipeleke kesi mbele. Barua hiyo ilianguka mikononi mwa Bodi, ikatumiwa kumchafulia jina yeye, si aliyemdhulumu msichana.

Jumuiya haikudumu. Polisi waliwafuatafuata viongozi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 AAPA haikuonekana tena hadharani. Mtu akiniuliza kwa nini wazazi wengi zaidi hawakupaza sauti, namjibu: soma sheria ya 1915 tena. Aliyekuwa na uwezo wa kukuadhibu kwa kusema ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuamua kwamba mtoto wako aende Kinchela, na hakuhitaji korti. Ukimya wa namna hiyo usiuite ridhaa.

Halafu hata kimya hakikuwa kirefu. Huko Melbourne mzee William Cooper, Myorta Yorta, alikuwa akikusanya saini za petisheni kwa Mfalme wa Uingereza. Alipata 1,814, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, kwa barua na posta tu. Akaiwasilisha kwa serikali ya shirikisho 1937, na serikali ikaamua isiende London. Cooper huyuhuyu ndiye Desemba 1938 aliongoza ujumbe mpaka ubalozi mdogo wa Ujerumani kulalamika juu ya Wayahudi waliokuwa wakishambuliwa. Mtu asiyekuwa na haki kamili kwao anaenda kudai haki za wengine.

Na tarehe 26 Januari 1938, Wazungu wakisherehekea miaka 150 tangu meli zilipofika, Waaborijini kama mia moja walikutana ukumbini mtaa wa Elizabeth, Sydney, wakaiita Siku ya Maombolezo. Wakiongozwa na Jack Patten na William Ferguson, mkata manyoya ya kondoo, walidai uraia kamili na Bodi ivunjwe. Siku hiyo serikali ilikuwa imewaleta Waaborijini wengine kutoka mbali ili waigize kwenye sherehe jinsi babu zao walivyokimbia, na ikawaweka chini ya ulinzi wasichanganyike na wale wa ukumbini. Margaret Tucker, yule msichana wa 1917, alikuwa miongoni mwa wapiganiaji wa kipindi hicho, mtu mzima sasa, akifanya kazi na jumuiya ya Cooper.

Mwaka uliofuata, Februari 1939, watu karibu 200 wa rizavu ya Cummeragunja walibeba vitu vyao, wakavuka mto Murray, wakaingia jimbo la Victoria, kwa kuchoshwa na meneja, na njaa, na hofu ya watoto kuchukuliwa. Patten aliyekuja kuzungumza nao alikamatwa kwa uchochezi. Neno lilelile tena.

Mwaka 1940 Bodi ilibadilishwa jina ikaitwa Bodi ya Ustawi, na suala la watoto likarudi kortini angalau kwenye karatasi. Wanafunzi wenzangu wanapenda sana kura ya maoni ya 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 walisema ndiyo, na wengi wanadhani ndiyo iliyowapa Waaborijini kura. Hapana. Kura ya shirikisho walikuwa nayo tangu 1962. Ya 1967 ilibadilisha vipengele viwili vya katiba, ili serikali kuu iweze kutunga sheria kuwahusu na wahesabiwe kama wengine wote.

Mwaka 1997 tume ya haki za binadamu ya Australia ilitoa ripoti kubwa kuhusu watoto hao. Ilikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970, mtoto mmoja kati ya kumi hadi mmoja kati ya watatu wa wenyeji aliondolewa kwao. Februari 2008 Waziri Mkuu aliomba radhi Bungeni. Kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo, mnajua ni hoja gani ilitumika sana kukataa kuomba radhi? Kwamba kizazi cha leo hakiwezi kubeba lawama za wakati ule, kwamba waliofanya hivyo walidhani wanawasaidia, na ndio uliokuwa ufahamu wa enzi zile.

Ndipo nikarudi kwa insha yangu ya mwaka wa kwanza nikaona aibu. Nilipoandika "ufahamu wa enzi zile", nilikuwa nahesabu ufahamu wa nani? Wa Bodi tu. Maynard hakuwa mtu wa leo. Mia saba wa Kempsey hawakuwa watu wa leo. Wasichana waliotoroka kazini na kujificha hawakusoma nadharia ya mwaka 2020. Hata yule mbunge wa 1915 alikuwa Mzungu wa wakati wake. Enzi ile ilikuwa na fahamu mbili, moja ikaandika sheria na nyingine ikaandika petisheni. Ukisema "hakuna aliyejua" umeamua kimyakimya kwamba walioandika petisheni si sehemu ya "watu".

Sisemi kila mfanyakazi wa Bodi alikuwa shetani. Pengine wapo walioamini kabisa kwamba wanaokoa watoto. Lakini kuamini ukiwa hujaambiwa ni kitu kimoja. Bodi iliambiwa, kwa maandishi, ikaweka kwenye faili na kujibu kwamba mwandishi ni mgeni.

Kwa hiyo mara nyingine mtu akikurushia "hayo yalikuwa ya wakati wao", usikasirike. Muulize tu: wakati huohuo, waliotendewa walisema nini, na barua yao iko kabati gani?

Maynard alikufa 1946. Bodi aliyotaka ivunjwe ilivunjwa 1969, miaka 42 baada ya petisheni yake, na Kinchela ikafungwa mwaka uliofuata. Stori yake yenyewe ilikaa kimya muda mrefu mpaka mjukuu wake, John Maynard, ambaye ni mwanahistoria, alipoanza kufukua majalada na magazeti ya zamani na kukiandika chama kile upya. Barua zilikuwepo muda wote huo.

Maswali wekeni hapa chini, nitajibu kesho jioni. Asubuhi nina CAT.